ROBERT WANGILA: BONDIA ALIYEWANYIMA MAJAJI KAZI

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee ngumi.

Hapa Sikonge, kila panapoonyeshwa pambano kubwa kwenye kibanda cha video, mwisho wake ni uleule. Bondia tunayemshabikia akishindwa kwa pointi, kibanda kizima kinapiga kelele kwamba ameibiwa. Refa akisimamisha pambano huku mtu wetu bado yuko kwa miguu yake, hapo ndo balaa, mabenchi yanapigwa mateke na refa anatukanwa mpaka ukoo wake. Ila akishinda mtu wetu kwa pointi zilezile za utata, kimyaa, majaji ghafla wanakuwa watu wa haki. Na mimi mwenyewe nimo humohumo, sijitoi.

Ndo maana nimeona niwaletee maisha ya Robert Wangila wa Kenya. Vijana wengi wa rika langu hawamjui kabisa, wanajua kina Tyson, Mayweather na Pacquiao. Huyu jamaa alifariki Julai 1994 akiwa na miaka 26 tu, na jina lake limekaa katikati ya maamuzi mawili ya utata. La kwanza lilitokea Seoul mwaka 1988 na wala halikumhusu yeye. La pili lilitokea Las Vegas mwaka 1994 na lilimhusu yeye mwenyewe. Ukiyaelewa yote mawili utakubaliana na mimi kwamba si kila uamuzi unaotuuma roho ni wizi.

Kwanza tuelewane kuhusu majaji. Mtu wa Sikonge haitaji kufundishwa jambo hili, tumbaku imeshatufundisha. Mkulima anahangaika mwaka mzima, anapalilia, anachuma, anatafuta kuni, anakesha na moto wa bani, anafunga marobota yake. Siku ya soko anafika mtu wa kupanga madaraja. Anashika jani, analigeuza, anataja daraja, anahamia robota linalofuata. Sekunde chache tu na jasho la mwaka mzima limeshapewa bei. Mara nyingi yuko sahihi. Mara nyingine mkulima anarudi nyumbani akijua moyoni mwake kwamba ameonewa, na kesho yake anaamka kwenda shambani kama kawaida. Bondia naye ndo hivyohivyo. Anapiga, anapigwa, halafu watu waliokaa kwenye viti ndo wanaosema kazi yake ina thamani gani.

Sasa twende kwa Wangila. Jina lake kamili ni Robert Napunyi Wangila, na alizaliwa tarehe 3 Septemba 1967. Alikulia kwenye nchi ambayo wakati huo ngumi zilikuwa na heshima yake, siyo riadha peke yake kama mnavyoisikia Kenya ya leo. Timu ya taifa ya ngumi ilikuwa inaitwa Hit Squad na wapinzani wake Afrika walikuwa wanaijua vizuri.

Lakini nchi hiyo ilikuwa na kidonda chake na majaji. Wangila alipokuwa mtoto wa mwaka mmoja, Oktoba 1968, Kenya ilikuwa na bondia aliyeitwa Philip Waruinge kwenye Olimpiki ya Mexico, uzito wa unyoya. Nusu fainali alikutana na Antonio Roldán, mtoto wa nyumbani, mbele ya mashabiki wa nyumbani. Majaji watano wakagawanyika, watatu wakampa Mmexico, wawili wakampa Mkenya. Waruinge akabaki na shaba, Roldán akaenda kuchukua dhahabu. Halafu sikilizeni kituko chenyewe: mashindano yalipokwisha, Kombe la Val Barker, ambalo anapewa bondia aliyeonyesha ngumi safi kuliko wote, wakampa Waruinge! Yaani wakubwa wa ngumi walikiri kwamba huyu ndiye fundi kuliko wote, ila dhahabu alishanyimwa. Miaka minne baadaye, Munich 1972, Waruinge akafika fainali na kushindwa na Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti, tena kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Fedha. Mara zote mbili jaji mmoja tu angegeuka, historia ingekuwa nyingine.

Baada ya hapo Kenya ikasusia Olimpiki ya Montreal 1976 na ya Moscow 1980. Ikarudi Los Angeles 1984, na kwenye ngumi Ibrahim Bilali akaleta shaba. Kwa hiyo Wangila alipoanza kutamba, Wakenya walikuwa na shaba na fedha za ngumi, na malalamiko. Dhahabu hawakuwa nayo.

Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika Nairobi. Wangila hakuwa hata ametimiza miaka 20. Akachukua dhahabu ya uzito wa welter, yaani wa kilo 67, mbele ya watu wake. Hapo ndo akapata tiketi ya kutazamwa kwa jicho la Seoul.

Jamani, Seoul. Wanaofuatilia ngumi wanaijua Olimpiki hii kwa ubaya kuliko kwa uzuri. Mfumo wa majaji ulikuwa hivi: majaji watano wamezunguka ulingo, raundi ni tatu za dakika tatu tatu, na kila raundi jaji anampa alama 20 yule anayeona ameshinda, mwingine anapata pungufu. Mwisho wanajumlisha, na kila jaji anakuwa na mshindi wake. Watatu kati ya watano wakikubaliana, imekwisha. Hakuna mashine, hakuna kurudia picha, hakuna rufaa ya maana. Ni macho ya mtu na dhamiri yake.

Mapema kwenye mashindano hayo, Mkorea Byun Jong-il wa uzito wa bantam alipambana na Alexander Hristov wa Bulgaria. Refa Keith Walker wa New Zealand akamkata Mkorea alama kwa kosa la kutumia kichwa. Hristov alipotangazwa mshindi, viongozi na makocha wa Korea walivamia ulingo na kumshambulia refa, ikabidi atolewe kwa ulinzi, na baada ya hapo akapanda ndege kurudi kwao. Byun mwenyewe akakaa ulingoni akigoma kutoka kwa dakika 67, mpaka taa za ukumbi zikazimwa akiwa bado amekaa. Fikirieni sasa jaji mwingine anayekuja kukaa kwenye kiti kilekile siku zinazofuata, ndani ya ukumbi uleule. Hata kama ni mtu mwadilifu, ana hofu.

Kwenye hali hiyo ndo Wangila akapanda, pambano moja baada ya lingine, mpaka fainali. Huko akamkuta Laurent Boudouani wa Ufaransa. Huyu Mfaransa hakuwa wa kubahatisha. Nusu fainali alikuwa amemtoa Kenneth Gould wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa wa mwaka 1986. Baadaye Boudouani huyuhuyu alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA kwenye ngumi za kulipwa, kuanzia 1996 mpaka 1999. Kwa hiyo msije mkafikiri Mkenya alipewa mteremko.

Raundi ya kwanza ikapita. Raundi ya pili Wangila akamlaza. KO. Majaji watano walikuwa na kalamu zao na karatasi zao na hawakuwa na la kuandika tena. Ndo maana kichwa cha habari nimeandika hivyo: aliwanyima kazi.

Kwa KO hiyo akawa bondia wa kwanza mweusi kutoka Afrika kusini mwa Sahara kuchukua dhahabu ya Olimpiki, na Mkenya wa kwanza kuchukua dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Kenya ilirudi na dhahabu tano kutoka Seoul. Nne zilikuwa za wakimbiaji: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilikuwa ya ngumi. Mwenzake wa Hit Squad, Chris Sande, alileta shaba ya uzito wa kati. Na mpaka Olimpiki ya Paris 2024 inamalizika, Kenya ilikuwa haijapata tena medali yoyote ya ngumi. Dhahabu ya Wangila iko pale peke yake.

Sasa turudi kwenye uamuzi wa Seoul ambao haukumhusu. Uzito mmoja juu ya wake, fainali ilikuwa kati ya Roy Jones Jr. wa Marekani na Park Si-hun, Mkorea, mtoto wa nyumbani. Ilikuwa tarehe 2 Oktoba 1988. Kwa hesabu ya televisheni ya NBC ya Marekani, Jones alifikisha ngumi 86 na Park 32. Hata mtu asiyejua ngumi angekwambia nani kashinda. Majaji wawili, mmoja wa Urusi ya Kisovieti na mwingine wa Hungary, walimpa Jones kwa alama 60 kwa 56, yaani kila raundi ni yake. Lakini wale watatu, kutoka Uruguay, Morocco na jirani zetu Uganda, wakampa Park. Matokeo: tatu kwa mbili, dhahabu ya Mkorea. Park mwenyewe alionekana kuona aibu refa alipoinua mkono wake.

Unakumbuka ya Waruinge? Basi na hapa ilikuwa vilevile, miaka 20 baadaye. Jones akanyimwa dhahabu, halafu akapewa Kombe la Val Barker la bondia bora wa mashindano. Majaji waliompa Park walisimamishwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikachunguza, na mwaka 1997 ikasema haikupata ushahidi wa rushwa. Kutokana na aibu hiyo, Olimpiki ya Barcelona 1992 ikaletwa mashine: jaji anabonyeza kitufe akiona ngumi imefika, na watatu kati ya watano lazima wabonyeze ndani ya sekunde moja ndo ihesabike. Nayo ikaleta lawama zake, ngumi za mwili na zile zinazopigwa mfululizo zikawa hazionekani, ikaachwa. Na wizi haukuisha. Uchunguzi wa Richard McLaren uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hata Rio 2016 kulikuwa na mapambano yaliyopangwa.

Kwa hiyo mnaosema kwenye ngumi kuna wizi, mko sahihi. Upo, umethibitishwa, una tarehe na majina. Bondia mgeni aliyekuwa Seoul mwaka ule na akili zake timamu alikuwa na njia moja tu ya uhakika: mlaze mtu, usiwaachie watu wa kwenye viti. Sisi Watanzania tunaijua raha ya njia hiyo. Hassan Mwakinyo wetu alipokwenda Birmingham Septemba 2018 kupambana na Sam Eggington mbele ya Waingereza wenzake, alimaliza kazi raundi ya pili. Nani angempa pointi kule?

Ila njia hiyo ina upande wake wa pili, na hapa ndo hadithi ya Wangila inapogeuka.

Mwaka 1989 alianza ngumi za kulipwa, na akahamishia maisha yake Marekani, Las Vegas, mji wa ngumi. Sisi watu wa Tabora tunajua habari ya kwenda mbali na mzigo. Mababu zetu wapagazi walitoka Unyanyembe na pembe mabegani, wakatembea miezi mpaka pwani, na bei ya mzigo ule ilikuwa inajulikana kwa mwenye mzigo, siyo kwa mwenye bega. Bondia wa kulipwa naye ni pagazi wa aina yake. Kichwa ni chake na mbavu ni zake, ila pambano ni la promota, mkanda ni wa chama, na televisheni ni ya wenyewe.

Tena kazi yenyewe ni nyingine kabisa. Kwenye ridhaa Wangila alikuwa anacheza raundi tatu, dakika tisa jumla, tena enzi hizo mabondia wa ridhaa walivaa kofia za kukinga kichwa. Kwenye kulipwa hakuna kofia, na raundi zinakwenda kumi au kumi na mbili. Ngumi ambayo kwenye ridhaa ungeipata mara kumi, huku unaipata mara mia. Majaji nao ni watatu badala ya watano. Kila raundi mshindi anapata alama 10 na mwingine 9 au chini ya hapo, akianguka anapunguziwa nyingine. Na katikati ya ulingo yupo refa, ambaye hapigi hesabu ya pointi lakini ana madaraka makubwa kuliko majaji wote watatu: anaweza kumaliza pambano muda wowote.

Wangila hakuwa mbovu kwenye ngumi za kulipwa. Kwenye mapambano 27 alishinda 22, na 16 kati ya hayo kwa KO. Alishindwa matano. Lakini ule ubingwa wa dunia uliotegemewa na kila mtu aliyemwona Seoul haukuja. Roy Jones aliyeibiwa alikuja kuwa bingwa wa dunia kwenye mizito minne. Boudouani aliyelazwa naye akaja kuupata. Aliyemlaza hakuupata. Maisha bwana.

Kabla sijafika usiku wa mwisho, lazima niwaeleze Las Vegas ilikuwa inafikiria nini wakati ule kuhusu marefa, maana bila hivyo hamtaelewa. Kulikuwa na mambo mawili kwenye kumbukumbu za watu.

La kwanza ni la Novemba 1982. Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipambana na Ray Mancini mjini humo, enzi za raundi 15. Refa alisimamisha raundi ya 14, Kim akiwa ameshapigwa vibaya mno. Akafariki siku chache baadaye. Kutokana na kifo hicho chama cha WBC kikakata raundi za ubingwa kutoka 15 kuwa 12, na vyama vingine vikafuata. Watu wakasema refa alichelewa.

La pili ni la Machi 1990, mjini humohumo. Meldrick Taylor, bingwa wa Olimpiki wa 1984, alikuwa anaongoza kwenye karatasi za majaji wawili kati ya watatu dhidi ya Julio César Chávez. Raundi ya 12, ya mwisho kabisa, akaangushwa. Akasimama. Refa Richard Steele akamuuliza kama yuko sawa, Taylor hakujibu, refa akamaliza pambano. Zilikuwa zimebaki sekunde 2! Sekunde mbili tu na Taylor angeshinda kwa pointi. Mpaka leo Steele anatukanwa kwa uamuzi ule. Lakini Taylor alipelekwa hospitali akiwa na mfupa wa usoni uliovunjika na damu nyingi aliyoimeza, na miaka iliyofuata hata kuongea kwake kukawa kwa shida.

Mmeona mtihani wa refa? Akichelewa ameua. Akiwahi ameiba. Na sisi tulioko nje tunazomea yote mawili.

Tarehe 22 Julai 1994, Wangila alipanda ulingoni kwenye hoteli ya Aladdin, Las Vegas, kupambana na David Gonzalez. Refa alikuwa Joe Cortez, mtu aliyekuwa bondia zamani kabla ya kuwa refa, ambaye mwaka 2011 aliingizwa kwenye jumba la heshima la ngumi la kimataifa. Pambano lilikwenda mpaka raundi ya tisa. Wangila alikuwa anapigwa, hajibu ipasavyo, lakini alikuwa amesimama. Cortez akaingia katikati, akamaliza pambano. TKO.

Wangila akagoma. Akamlalamikia refa palepale kwamba amemsimamisha bure, kwamba anaweza kuendelea. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, anaongea, anabisha. Kama tungekuwa tunaangalia kwenye kibanda chetu hapa, mnajua wenyewe mabenchi yangekuwa wapi. Tungesema Mwafrika mwenzetu ameibiwa na Wamarekani.

Muda mfupi baadaye, akiwa amesharudi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu. Damu ilikuwa inavujia ndani ya kichwa. Akakimbizwa hospitali. Hakuzinduka tena. Akafariki tarehe 24 Julai 1994, kama saa 36 baada ya pambano.

Naomba msomaji urudie hapo usome taratibu. Yule mtu aliyekuwa anabisha kwamba yuko sawa, tayari alikuwa ameshaumia. Baada ya refa kuingia kati hakupigwa ngumi nyingine hata moja. Maana yake kilichomuua kilikuwa kimeshaingia kabla refa hajainua mkono. Uamuzi ambao yeye mwenyewe aliuona umewahi, kumbe ulikuwa umechelewa.

Madaktari wanaeleza jambo hili vizuri. Kichwa kikipigwa mara nyingi, ubongo unatikisika ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu iliyoko kati ya ubongo na fuvu inaweza kukatika. Damu inavuja polepole. Haionekani usoni, haitoki puani. Mtu anaweza kutembea, akaongea, akajibu maswali, akadai mkono wake uinuliwe. Damu ikishajaa na kuubana ubongo, ndo anaanguka. Kwa hiyo bondia ndiye shahidi mbaya kuliko wote kuhusu hali yake mwenyewe, kwa sababu kiungo anachotumia kujipima ndo hichohicho kilichoumizwa. Ujasiri hausaidii hapo. Ujasiri ndo unamdanganya.

Ndo maana nasema hadithi ya Wangila ni ya maamuzi mawili, na tofauti yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Uamuzi wa pointi ukiwa wa wizi, unauma, lakini unaweza kurekebishwa hata ukichelewa. Mwaka 2023 Park Si-hun alisafiri kutoka Korea mpaka Pensacola, Florida, nyumbani kwa Roy Jones, akamkabidhi ile medali ya dhahabu ya 1988 kwa mkono wake. Miaka 35 imepita, wote wawili watu wazima, lakini wako hai na medali imehama. Uamuzi wa refa kuchelewa hauna Pensacola yake. Hakuna mtu anayeweza kupanda ndege akamrudishia Wangila uhai.

Na sisi mashabiki tuna mchango wetu. Septemba 2022 Mwakinyo alipokuwa Liverpool kupambana na Liam Smith, raundi ya nne alipiga goti, refa akamaliza pambano, naye akaeleza kwamba alikuwa na matatizo ya mguu na viatu. Sina haja ya kuhukumu kilichotokea. Ninachokumbuka ni namna tulivyomsema. Tulimwita mwoga, tukamtengenezea picha za kuchekesha, tukasema amelitia taifa aibu. Kijana wa Kitanzania anayeyasoma yale, anayefanya mazoezi ya ngumi kwenye ukumbi wa mabati huko mitaani, anajifunza nini? Anajifunza kwamba ni bora abebwe kwenye machela kuliko apige goti. Hilo ndo somo tunalowafundisha wadogo zetu, halafu siku wakianguka tunaandika RIP.

Mimi sisemi tuache kulalamika. Tulalamike, tena kwa akili. Pambano likiisha kwa pointi, uliza: raundi zipi alishinda huyu, na zipi yule? Hesabu mwenyewe kwenye karatasi, raundi baada ya raundi, bila kumsikiliza mtangazaji. Ukifika mwisho ukaona majaji wamekuja na kitu cha ajabu, hapo piga kelele mpaka kesho, niko na wewe. Waruinge aliibiwa, Jones aliibiwa, na walionyamaza walikosea.

Lakini refa akiingia katikati kumkumbatia mtu anayepigwa bila kujibu, naomba tukae kimya dakika moja. Moja tu. Hata kama ni mtu wetu. Hata kama anabisha, hasa akibisha. Na kwenye haya mapambano ya kwetu ya mikoani, swali la kwanza lisiwe kiingilio shilingi ngapi, liwe daktari amekaa wapi na gari la kumwahisha mtu hospitali liko wapi. Kutoka hapa Sikonge mpaka Tabora mjini ni kama kilomita 70. Damu inayovuja kichwani haisubiri gari lipatikane.

Wangila aliwanyima majaji kazi usiku mmoja wa Seoul, na dunia ikampigia makofi. Miaka sita baadaye alitaka kumnyima refa kazi pia. Refa alikataa, na refa alikuwa sahihi. Amlaze mahali pema.

Haya wadau, uwanja wenu. Ni pambano gani wewe uliapa kwamba ni wizi, na ulipolirudia kulitazama ukaona refa alikuwa sahihi? Leteni hapo chini, tusitukanane.

Nawakilisha kutoka Sikonge.